Jengo lisilokuwepo: shajara ya mradi wa ubao mmoja

Mradi wenyewe ni huu: kuchora jengo ambalo halipo popote, lililoungwa kwa vipande vya majengo niliyowahi kupita ndani yake na mengine niliyoishia mlangoni. Ubao ni mmoja, sm 120 kwa 80, rangi za mafuta juu ya tabaka la akriliki, rangi ya maji inayokauka upesi. Naandika kila hatua inapokwisha, ili anayetaka kuiga aanzie mbele kidogo ya nilipoanzia mimi. Kazi za kawaida nitazipitia mbiombio. Yaliyokwama ndiyo yatakayokula nafasi.

9 Januari: Orodha kabla ya penseli

Sharti la kwanza: hakuna kuchora kabla ya kuandika. Ukianza na penseli, mkono hukimbilia kile unachokijua, na mkono wangu unajua minara, kuba na matao. Mwisho wake huwa kasri la kwenye katuni.

Wasemaji wa Roma ya kale walifundishwa kazi iliyo kinyume cha hii. Rhetorica ad Herennium, kitabu cha ufasaha cha karne ya 1 kabla ya Kristo, kinamwelekeza mwanafunzi ajenge jengo kichwani, apange humo mambo anayotaka kuyakumbuka, kisha alipitie akiyaokota moja moja. Kinasema hata pawe na mwanga gani, usiwe mkali wala hafifu, na kwamba pahali na pahali paachane kwa futi 30 hivi. Wao walijenga ili wakumbuke. Mimi kumbukumbu ninazo, kinachokosekana ni ukuta wa kuzitundika. Hata hivyo kanuni ya umbali nimeiazima: vitu viwili vizito havitakaa jirani ubaoni, kimoja kisije kikammeza mwenzake.

Orodha ilikuwa ndefu. Nilichuja kwa swali moja: hapa alipita nani, na nani hakupita? Chemchemi ya uani haikuwa na jibu, ikatoka. Minara ikatoka, na sikatai kwamba iliniuma. Vilivyobaki:

Korido ndefu yenye taa nyingi, inayowaka moja. Ngazi za saruji zilizolika upande mmoja tu, ule wa ukutani, kwa sababu watu walishuka wakijishikiza. Benchi la kusubiri lililofungwa sakafuni kwa skrubu, yaani mtu aliwahi kufikiria kwamba wanaosubiri wangeweza kuliiba. Na dirisha la malipo lenye tundu lililowekwa chini mno, ukitaka kusema na karani shurti uiname.

20 Januari: Ubao umepinda

Plaiwudi ya mm 9, imepigwa msasa, imepakwa geso, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao, mara nne upande wa mbele. Asubuhi ya pili ilikuwa imepinda kuelekea upande uliopakwa, kiasi cha kupitisha kidole chini yake ikilazwa mezani. Sababu inajulikana: geso ina maji, inapokauka hujivuta, na upande wa nyuma hauna kitu cha kuvuta kinyume.

Nilijaribu kuupakia vitu vizito juu yake. Ukanyooka, nilipoviondoa ukarudi. Kilichofaa ni kupaka nyuma tabaka zile zile, idadi ile ile, kisha kugundisha na kupigilia fremu ya mbao nyuma. Ubao huu wa kwanza haukurudi vizuri, nimeufanya wa majaribio ya rangi. Wa pili nilipaka pande zote mbili kwa zamu na umekaa sawa.

Hasara: plaiwudi moja na geso ya kutosha ubao mzima.

3 Februari: Misumari, uzi, na mahali pa kusimama

Jengo limekaa kipembe, kwa hiyo mistari yake inakimbilia nukta mbili juu ya mstari wa upeo wa macho, moja kushoto, moja kulia. Wengi huziweka nukta hizo ndani ya ubao kwa sababu ndipo rula inapofika, halafu wanashangaa kwa nini pembe za jengo zinaonekana zimenyofolewa.

Hesabu yake si ngumu. Jengo likikaa kwa nyuzi 45, umbali kati ya nukta mbili ni mara mbili ya umbali ambao mtazamaji anapaswa kusimama. Nukta zikiwa kwenye kingo za ubao wa sm 120, mahali sahihi pa kusimama ni sm 60 kutoka ubaoni. Hakuna anayetazama mchoro wa ukubwa huo akiwa ameusogelea hivyo. Nimeziachanisha sm 360, mtazamaji asimame sm 180, na ukumbi mzima umetulia.

Rula ya urefu huo sina. Ubao umefungwa ukutani, misumari miwili imepigiliwa ukutani nje ya ubao, uzi umefungwa kwenye kila msumari. Unavuta uzi hadi unapotaka, unaweka alama mbili, unaunganisha kwa rula fupi. Uzi wa kushona haufai, unanyumbuka. Tumia wa kuvulia samaki, ule uliosukwa.

17 Februari: Rasimu ya kwanza imefutwa yote

Mlango katikati, korido kushoto, ukumbi wa malipo kulia, kila mstari mahali pake. Ikatoka kama zile picha zinazobandikwa kwenye uzio wa majengo yanayojengwa, za kuuzia nyumba kabla hazijasimama. Kila mtu amekaribishwa, hakuna aliyezuiwa, na wala hakuna anayeishi humo.

Kuna mchoro maarufu uliohifadhiwa Urbino, Italia, wa mwishoni mwa karne ya 15, unaoitwa Mji Bora: uwanja mpana, jengo la duara katikati, majumba pande zote, wala hakuna hata mtu mmoja. Vipimo vyake havina dosari, na ndivyo vinavyobeba ahadi yake: panga mawe vizuri, jamii itajipanga yenyewe. Rasimu yangu ilikuwa ikirudia ahadi hiyo, ambayo siiamini.

Kosa nililipata kwenye kitasa cha mlango. Katika kumbukumbu yangu kitasa kiko usawa wa macho. Katika rasimu kilikuwa usawa wa kiuno. Nilikuwa nimechora majengo ya utotoni kwa macho ya mtu mzima, m 1.6 kutoka sakafuni, kwa mazoea tu. Na hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote katika kazi hii: mstari wa upeo wa macho hupita kila kitu kwa kimo cha macho ya anayetazama. Mlango wa m 2 ukikatwa na mstari huo katikati, kwenye kitasa, anayetazama ni mtoto. Huhitaji kuchora mtoto wala mwanasesere sakafuni. Mlango wenyewe umeshasema.

Lakini ukumbi wa malipo niliuingia nikiwa mtu mzima, ndipo tatizo likawa la vimo viwili. Nikachora mistari miwili ya upeo, wa kushoto chini, wa kulia juu. Haikukubali. Giorgio de Chirico, mchoraji wa Italia, alifanya ujanja wa jamaa hiyo mwaka 1914 katika mchoro wa mtaa wenye msichana anayekimbiza gurudumu: jengo la kushoto na la kulia hayakubaliani mistari yao inakutana wapi, na mtaa mzima unatia wasiwasi. Kwake inawezekana kwa kuwa kati ya majengo hayo kuna ardhi tupu yenye jua. Yangu yanagusana, yana sakafu moja ya vigae, na mistari ya vigae ikafika katikati ikagongana. Haikutia wasiwasi wowote, ilionekana picha mbili zilizogundishwa vibaya.

Suluhisho lilitoka kwenye orodha ya Januari. Acha mstari mmoja wa upeo, shusha sakafu. Macho ya mtoto yako m 1 juu ya sakafu ya korido, ya mtu mzima m 1.6 juu ya sakafu ya ukumbi. Tofauti ni sm 60, ambazo ni ngazi nne za sm 15. Zile ngazi zilizolika upande mmoja zimepata kazi: ukizishuka kwa macho, unakua. Hesabu inatimia bila udanganyifu wowote, na anayepita harakaharaka hataona lolote.

8 Machi: Rangi ya chini

Tabaka la akriliki, kahawia nyepesi ubao mzima, kisha giza na mwanga kwa rangi mbili tu. Siku chache, hakuna la ajabu.

Isipokuwa utepe wa karatasi. Rangi ilipenya chini yake na kuacha meno kwenye kingo za nguzo. Dawa ni kupaka kwanza ukingo wa utepe kwa akriliki isiyo na rangi, ile ya kuchanganyia. Ipenye hiyo, izibe, ndipo rangi ifuate. Kingo zikawa kali kama wembe. Kisha nikagundua sizitaki kali hivyo: kona ya ukuta inayopitwa na mabega ya watu miaka mingi haina ukingo wa wembe. Utepe sasa natumia mahali pamoja tu, fremu ya dirisha la malipo, kwa kuwa ndipo mtu alipopima kwa makusudi.

22 Machi: Taa iliyobanduka

Korido ilishapata rangi ya mafuta nilipoamua taa inayowaka isiwe ya kwanza bali ya tatu. Kwa haraka nikaihamisha kwa akriliki, kwa kuwa hukauka kwa dakika. Siku chache baadaye ukucha uliibandua kama gamba. Mafuta juu ya akriliki hushika, akriliki juu ya mafuta haishiki. Nimekwangua kwa kisu, nikapiga msasa laini, nikafuta kwa tapentaini na kurudia kwa mafuta.

La pili lilinisumbua zaidi. Kuta za korido nilizipaka amba, rangi ya udongo ya kahawia inayokauka upesi kwa sababu ya manganizi iliyomo. Ilipokauka, madoa yalififia yakawa kama vumbi, mengine yakabaki na mng'ao, na nikashindwa kujua giza langu ni giza au ni ufifiaji. Mafuta yalikuwa yamefyonzwa na tabaka la chini. Nilianza kurekebisha rangi kwa kuongeza nyeusi. Usifanye hivyo, unakimbiza kivuli. Kwanza rudisha mafuta: mafuta ya kitani na tapentaini nusu kwa nusu, paka wembamba kwa kitambaa, subiri kidogo, futa karibu yote. Rangi halisi inarudi, na ndipo nilipoona kwamba kuta hazikuhitaji kuguswa.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa pipani. Hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze vikauke, au viloweke kwenye maji.

Hasara: karibu theluthi ya nyeupe yote niliyokuwa nayo imeishia kwenye kazi iliyokwanguliwa.

12 Aprili: Dirisha la malipo

Kwa ajili ya uwiano wa mchoro nilikuwa nimeliweka upande wa korido, sehemu ya mtoto. Tundu linaanzia sm 85 hadi m 1.1 kutoka sakafuni, meza ya karani iko sm 75, kila kitu kama nikikumbukavyo. Nilipomaliza, karani alikuwa akinitazama usoni, na dirisha likaonekana limetengenezwa kwa upendo kwa ajili yangu.

Hesabu haidanganyi. Mtoto mwenye macho usawa wa m 1, akisimama karibu na kaunta, anatazama ndani ya tundu kwa kupandisha macho kidogo, na anamwona karani aliyeketi hadi machoni. Mtu mzima aliyesimama hatua mbili nyuma anatazama kwa kushuka. Ukingo wa juu wa tundu unamkata karani kifuani: kinachobaki ni vifungo vya shati, mihuri, na mikono. Ili apate uso, ainame. Aliyepima tundu lile huenda hakukusudia lolote, lakini aliyelipa alijua kila mwezi.

Nimelihamishia upande wa chini wa ngazi. Nyuma ya tundu kuna mikono miwili tu, mmoja umeshika karatasi, mwingine umelala juu ya muhuri. Nimetumia brashi ndogo kwenye sehemu moja zaidi: chini ya tundu, ukingo wa mbao umepoteza rangi katika mabaka mawili yaliyoachana kwa upana wa viwiko. Mabaka hayo ni manjano ya udongo na nyeupe kidogo, yamepigwa yakiwa mabichi na kufutwa kwa kidole hadi mbao ya chini ikajitokeza. Yamechukua muda kuliko dari nzima, na ndiyo yaliyonipa ninachokitafuta. Sikuchora foleni.

3 Mei: Magofu au viraka

Jengo likawa jipya mno. Njia ya mkato ni kulibomoa: nyufa, majani yanayoota ukutani, dari iliyoanguka. Nikaijaribu kwenye ule ubao uliopinda. Kila aliyeuona alisema papo hapo "kumbukumbu", na ndipo nilipoanza kuutilia shaka. Ufa unaweza kuuweka kwenye jengo lolote, haukuulizi umepajua pale mahali au la.

Hubert Robert, mchoraji Mfaransa, ana haki ya magofu yake. Mwaka 1796, miaka mitatu baada ya Louvre, kasri la Paris, kufunguliwa kuwa makumbusho, alichora ukumbi wake mkubwa ukiwa umeporomoka, paa limekwenda, na mtu mmoja amekaa akinakili sanamu iliyosalia. Alikuwa amefungwa gerezani wakati wa Ugaidi, kipindi cha umwagaji damu cha Mapinduzi ya Ufaransa, na kuupanga ukumbi huo huo kulikuwa sehemu ya kazi yake. Alipochora paa limeanguka alikuwa anauliza jamii mpya itabakisha nini. Nyufa zangu hazikuuliza kitu.

Upande wa pili yuko Bodys Isek Kingelez wa Kongo, aliyefariki mwaka 2015. Yeye hakuchora bali alijenga miji midogo ya karatasi na kadibodi, na mwaka 1994 akakijenga kijiji alikozaliwa, Kimbembele Ihunga, kikiwa jiji la maghorofa yenye rangi za sherehe. Kumbukumbu kwake inavaa kile ambacho mahali pale palinyimwa. Nilitamani njia hiyo, lakini inataka moyo mkunjufu kuliko nilio nao kwa ukumbi wa malipo.

Nimeshika ya katikati: viraka. Plasta mpya ya kijivu juu ya ukuta wa krimu, haikupakwa rangi kwa kuwa fungu liliishia hapo. Skrubu moja ya benchi imebadilishwa, haifanani na wenzake. Mlango una bawaba za zamani zilizochongwa vizuri na kufuli la bei rahisi. Kiraka kinaeleza umri kama ufa, na zaidi ya hapo kinaeleza nani anasimamia na anajali kiasi gani. Plasta nimeipaka kwa kisu, nene, kwa mipigo ya kuinua kutoka chini kwenda juu kama fundi anavyotupia, kisha sikuigusa tena. Ikibembelezwa inakufa.

24 Mei: Mwenye swali

Niliweka ubao ukumbini na kuwaita watu wachache, wengi wachoraji. Waliongea juu ya mwanga wa korido, wakasifu ngazi. Mmoja aliyefanya kazi ya usafi maofisini kwa miaka mingi akatazama kimya, kisha akauliza: "Mfagiaji anaingilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Jengo lenye sakafu inayong'aa namna ile halina bomba, halina stoo, halina mlango wa nyuma. Kwa kuwa mimi nilizuiwa kwenye milango ya mbele, nilidhani orodha ya waliozuiwa nimeikamilisha.

Kuongeza mlango kwenye ukuta uliokwisha kupakwa si jambo dogo, kwani pembe yake lazima itii nukta zile zile, na misumari nilikuwa nimeing'oa. Matundu yake ukutani yaliniokoa. Ushauri kwa anayeiga: usizibe matundu hadi mwisho kabisa. Mlango uko nyuma ya ngazi, chini kabisa kulia, mwembamba, rangi ile ile ya ukuta ili usionekane, kama ilivyo desturi ya milango hiyo. Unaonekana kwa sababu ya sakafu: mbele yake vigae ni visafi kuliko pengine popote, vimeloa, na vinaakisi taa. Niliangaza kwa tabaka jembamba la nyeupe na mafuta juu ya rangi iliyokauka. Jaribio la kwanza lilikuwa na mafuta mengi likajikusanya matone. Nikafuta na kupitisha kitambaa chenye tapentaini kidogo kabla ya kurudia.

Aliyeuliza amerudi kuuona. Alisema mlango hufunguka kwa nje, nami nilikuwa nimeuchora ukifunguka kwa ndani. Bawaba zimehamishwa.

14 Juni: Ulipofikia

Rangi imekwisha. Vanishi ya mwisho haitapakwa kwa angalau miezi sita, na sehemu za plasta nene huenda zikataka mwaka, kwa sababu rangi ya mafuta hukauka juu mapema huku ndani ikiwa bado inajivuta. Kwa sasa ubao umeegeshwa ukiwa umegeukia ukuta kwa ajili ya vumbi, si gizani kabisa, maana mafuta ya kitani yakikaa gizani muda mrefu hugeuka manjano.

Kwa jumla, sehemu kubwa ya rangi na muda vilikwenda mahali patatu: rasimu iliyofutwa, taa iliyobanduka, na dirisha lililohamishwa. Ngazi, ambazo zimebeba mchoro wote, zilikuwa rahisi kuliko vyote.

Ubao wa pili utakuwa wa dirisha la malipo peke yake. Mstari wa upeo utakaa m 1, ambacho ni kimo cha mtoto, na pia cha mtu mzima akishainama. Safari hii uso wa karani utabidi uchorwe. Plaiwudi imeshakatwa, na geso iko pande zote mbili.